Filamu ya mazimwi ya 1948: mbona inatisha na kuchekesha kwa pamoja?

Mwana wa Langoni:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Kuna filamu moja ya zamani niliyoitazama mara nyingi hata hesabu imenipotea, nayo ni Abbott and Costello Meet Frankenstein, ya wachekeshaji wawili, Abbott na Costello, iliyotolewa mwaka 1948 na studio ya Universal ya Marekani. Mara ya kwanza niliiona utotoni, hapa Lamu, nyumbani kwa ami yangu, tukiwa tumejazana mkekani mbele ya televisheni ndogo, na kaseti yenyewe imechakaa hata vichwa vya waigizaji vikawa vinapinda. Kiingereza alikijua ami peke yake, naye alitufasiria huku akitia chumvi. Sehemu iliyonikaa moyoni ni ile ya mshumaa: Wilbur, yule mnene anayeigizwa na Costello, yuko karibu na jeneza la Dracula, zimwi linyonyalo damu, mshumaa umewekwa juu ya kifuniko, na kifuniko kinapoanza kusogea mshumaa nao unakwenda nacho polepole, lakini kila mwenzake Chick, yaani Abbott, anapoitwa aje kushuhudia, jeneza limetulia tuli. Tulicheka hadi machozi, na usiku ule hakuna aliyethubutu kuvuka ua kwenda msalani.

Sasa nataka kuwaonyesha wapwa zangu wawili, wa miaka 9 na 12, waliozoea picha za rangi na vishindo. Je, nianze na hii moja kwa moja, au niwaonyeshe kwanza zile za kutisha tupu zilizoitangulia?

Mzee wa Barazani:

Wa aleikum salaam. Anza na hii, mwanangu, na uwaangalie mazimwi zaidi kuliko wachekeshaji. Bela Lugosi, aliyekuwa Dracula katika filamu ya 1931, anairudia nafasi hiyo hapa kwa mara ya pili na ya mwisho katika filamu, na haidharau hata kidogo. Lon Chaney Jr., anayegeuka mbwa-mwitu tangu filamu ya 1941, anapoeleza kwamba mwezi ukichomoza hatakuwa tena mtu, uso wake umejaa majonzi ya kweli. Kicheko kinatoka kwa Wilbur, anayemjibu kana kwamba hayo ni maradhi ya kila mwanamume. Hao wawili, pamoja na Glenn Strange aliyevaa zimwi la Frankenstein, lile lililoundwa kwa viungo vya maiti, wanaigiza kama kwamba Abbott na Costello hawamo kabisa. Zimwi likianza kufanya mzaha, hofu imekwisha, na mzaha nao hauna tena pa kushika.

Bi Mpenda Picha, Malindi:

Kwa heshima zote, mzee wangu, mimi naona filamu hii ndiyo iliyowamaliza mazimwi. Baada yake studio iliwakutanisha wachekeshaji hao na mtu asiyeonekana mwaka 1951, kisha na maiti ya Misri mwaka 1955, na kila mara woga ukapungua. Isitoshe, Lugosi anapomng'ata daktari wa kike aliye mshirika wake, kivuli chake kinaonekana kwenye kioo, ilhali kila mtoto anajua kwamba Dracula hana kivuli kiooni! Hata hivyo nakubali kwamba kisa chenyewe kimetungwa kwa akili: Dracula anautaka ubongo wa Wilbur autie katika zimwi, kwa sababu anahitaji mtumishi mtiifu asiyefikiri sana. Kuhusu swali lako, kaka, usiwaanzishie Dracula ya 1931. Karibu haina muziki, inakwenda taratibu mno, na wapwa zako watalala kabla ya nusu saa.

Nahodha wa Shela:

Mmeisahau mashua. Ngome ya Dracula iko kisiwani, na mwishoni Wilbur na Chick wanakimbilia gatini huku zimwi likiwafuata, wanaingia mashuani, kumbe kamba bado imefungwa. Mtu wa bara huenda akacheka tu. Sisi tulioanza kufungua kamba za mashua kabla ya kujua kusoma tulikuwa tukiipigia televisheni kelele.

Mwana wa Langoni:

Ahsanteni nyote. Tuliitazama Ijumaa usiku, bila utangulizi wowote. Mkubwa alimcheka Dracula akigeuka popo, kwa kuwa mageuzi yale yamechorwa kama katuni na yanaonekana wazi, na kile kivuli cha kiooni alikinasa kabla sijamwambia, kwa hiyo Bi Mpenda Picha ana haki yake. Lakini mazimwi yalipokuwa yakitembea kimya, hakuna aliyesema neno, na hapo nilimkubali Mzee wa Barazani. Mdogo alishangazwa zaidi na dakika ya mwisho, pale wawili wale wanapodhani wameokoka, kumbe mtu asiyeonekana amekaa nao mashuani, sauti yake ikiwa ya mwigizaji Vincent Price na sigara ikielea hewani. Amenirudisha hapo mara tatu, pua yake ikikaribia kugusa kioo cha televisheni, akiutafuta uzi unaoishikilia ile sigara.