Tupeane uzoefu: mliowahi kulala na familia kwenye ngome za kale Ulaya

Habari zenu wana jamvi. Naishi Mainz, Ujerumani, mwaka wa tisa sasa. Mama alipokuja kutusalimia kutoka Moshi tulimpeleka kulala Burg Stahleck, ngome iliyo juu ya mji mdogo wa Bacharach, kando ya mto Rhine. Ni ya karne ya 12. Wafaransa waliilipua mwaka 1689, ikabaki gofu hadi karne iliyopita ilipojengwa upya na kufanywa hosteli ya vijana. Neno "vijana" lisiwatishe, familia zinapokelewa vizuri tu, na bei mtu wa kipato cha kawaida anaimudu.

Kutoka stesheni unapanda ngazi za mawe. Njiani kuna gofu la kanisa, Wernerkapelle, mawe mekundu na madirisha marefu yasiyo na vioo, unaona mbingu upande wa pili. Ngome ilipolipuliwa, mawe yake ndiyo yaliyoliharibu. Mama alipumzika pale, akakaza kanga kiunoni, akasema, "Twendeni. Mimi nimezaliwa mlimani."

Kule unapewa mashuka unatandika mwenyewe, ndio utaratibu wa hosteli za Ujerumani. Mama akatandika vitanda vyote, cha juu na cha chini, akiwaonyesha wajukuu namna ya kukunja pembe, kama alivyotufundisha sisi. Kuta ni nene kiasi kwamba mwanangu wa miaka sita aliketi ndani ya dirisha, miguu ameikunja, blanketi mabegani, akihesabu taa za matishari yanayopita mtoni. Treni za mizigo hupita kingo zote mbili usiku, kwa hiyo mwenye usingizi mwepesi ajiandae.

Watoto walipolala Mama akaniuliza, "Waliobeba mawe haya mpaka huku juu walilipwa nini?" Sikuwa na jibu. Tuliongea mpaka saa sita usiku, mazungumzo ambayo hatujayafanya tangu nilipoondoka nyumbani. Na wengine mtupe yenu.

Baba Neema, Bristol

Asante kwa uzi huu. Sisi tulilala Thornbury Castle, karibu kabisa na hapa Bristol. Binti yetu alikuwa anasoma habari za wafalme wa ukoo wa Tudor darasani, na mfalme Henry VIII alifikia hapo mwaka 1535 akiwa na mkewe Anne Boleyn. Ngome ilianzwa kujengwa mwaka 1511 na Edward Stafford, mkabaila mwenye cheo cha Duke wa Buckingham. Kabla hajaimaliza, mfalme huyo huyo akamkata kichwa mwaka 1521 kwa kosa la uhaini na kuichukua mali yake. Mpaka leo kuna kuta za nje zimeishia katikati. Binti yangu alisimama mbele ya ukuta huo kimya, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mfalme alilala kwenye nyumba ya mtu aliyemuua?" Nimemnunulia vitabu vingi vya historia, lakini swali kama hilo hajawahi kuniuliza. Gharama ni kubwa, nisiwafiche, tulidunduliza karibu mwaka mzima. Ningerudi hata kesho.

Mdau wa Leipzig

Mkuu, hiyo Stahleck mtu anaingia tu au lazima uwe mwanachama?

Mwanzisha uzi

Lazima uwe na kadi ya uanachama wa DJH, yaani shirika la hosteli za vijana Ujerumani, ndugu. Ipo ya familia, inawahusu wazazi na watoto, na unaitumia kwenye hosteli zao zote nchini. Kifungua kinywa kimo kwenye bei ya chumba.

Mama Wawili, Glasgow

Mimi naomba niwatahadharishe wenye wazee. Tulilipia usiku mmoja kwenye ngome moja huku Uskoti, jina nalihifadhi. Picha nzuri, maelezo matamu. Kufika, chumba chetu kipo juu ya mnara, ngazi ni za kuzunguka, nyembamba, kamba ndiyo ya kushikilia, na lifti hakuna. Mama mkwe ana magoti mabovu. Tuliomba kubadilishiwa, tukaambiwa vimejaa. Mume wangu alimpandisha mama yake hatua kwa hatua, na asubuhi chai nikamletea juu kwa sababu hakuthubutu kushuka mara mbili. Iliniuma sana, maana safari ilikuwa ya kwake. Jamani, kabla hamjalipa pigeni simu, ulizeni chumba kipo ghorofa ya ngapi na ngazi zikoje. Majengo haya mengi yanalindwa na sheria, hawawezi kutoboa ukuta waweke lifti.

Mvita, Lisbon

Assalaam alaykum. Mie ni wa Mombasa, niko Ureno kikazi. Tulilala kwenye ngome ya Óbidos, ambayo ni hoteli tangu mwaka 1951. Mji wote umezungukwa na ukuta na watu hutembea juu yake, lakini upande wa ndani hauna kizuizi. Wenye watoto wadogo washikeni mikono, msiwaachie hata kidogo.

Mwanangu alipapasa lile jiwe akasema, "Abba, hawa si ndio waliojenga Fort Jesus?" Nikamwambia ndio, Mreno alianza kuijenga mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakamtoa. Kisha nikamkumbuka babu yangu, akituhadithia Fort Jesus ilipokuwa jela ya Mwingereza, mpaka mwaka 1958. Watu wa mitaa yetu walilala mle bila hiari, na mie hapa natoa pesa nilale ndani ya ngome ya Mreno. Usiku ule nilimsimulia mwanangu yote hayo, taa imezimwa, naye kanishika mkono.

Mwanzisha uzi

Mvita, nimemsomea Mama kwenye simu. Kanyamaza kidogo, halafu anasema nikuulize: na wale waliobeba mawe ya Fort Jesus, babu aliwahi kusema walilipwa nini?