Umewahi kufanya kipimo cha haiba, yaani cha kujua tabia ya mtu? Tupeane uzoefu, wa Unguja na Pemba

BintiChake

Assalaam alaykum waungwana. Jambo hili linanizunguka kichwani tangu mfungo mosi, leo nimeona niliweke hapa.

Nafanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, Unguja. Baada ya miaka mitatu ya usafi wa vyumba niliomba kuhamia mapokezi. Tuliitwa waombaji sita, tukapewa maswali kwenye simu, yote ya Kiingereza, kila swali una majibu mawili uchague moja. Mwisho zikatoka herufi nne, zangu ISFJ. Nikaambiwa herufi ya kwanza ni ya mtu anayepata nguvu akiwa peke yake, kwa hivyo mapokezi hapatanifaa. Nikahamishiwa kufulia.

Usiku ule nilikaa na simu mpaka adhana ya alfajiri. Nikajua kwamba vipimo vya herufi nne chanzo chake ni Isabel Briggs Myers wa Marekani na mama yake, Katharine Cook Briggs, waliojenga maswali yao juu ya maandishi ya Carl Jung, daktari wa Uswisi, ya mwaka 1921. Jozi nne za tabia, zikichanganywa zinatoa aina 16 za watu. Nikakuta na lililoniuma zaidi: hata wenyewe wanaokiuza kipimo cha asili wanasema kisitumike kuchagua nani aajiriwe.

Lakini nikiyarudia maswali, naona tatizo lilianza kabla ya herufi. Niliulizwa: ukimaliza kazi, unapenda ukae peke yako au na watu? Mie nimekulia Chake, nyumba ya watu kumi na moja, wasichana watano chumba kimoja. Kukaa peke yangu nilikuwa sikujui mpaka nilipokuja kupanga huku. Nilijibu "peke yangu" kwa sababu ukishatandika vyumba kumi na vinne, unachotaka ni kulala. Swali jingine: kwenye sherehe unazungumza na watu wengi au wachache? Sherehe ipi? Harusi ikiwa ya kwetu, nabeba sinia na kumwamkia kila anayeingia, nimjue nisimjue. Nikialikwa kwa watu, nakaa na dada zangu. Nikachagua "wachache", basi likahesabiwa.

Wenzangu mliofanya, ilikuwaje? Mlijiona mle ndani?

MwalimuWaSkuli

Pole sana dada'angu. Uliyotendewa si haki.

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha, skuli ya sekondari hapa mjini. Wanafunzi wangu walikuwa wamevamia vipimo hivi kwenye simu, kila mmoja anatembea na herufi zake kama jina la pili. Kijana mmoja aliacha mdahalo kwa kuwa "herufi zangu haziruhusu". Hilo lilinitia khofu.

Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo ya tabia yake. Wakaombwa wayape alama, 0 mpaka 5, kwa namna yalivyowaeleza. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja, na maneno yake mengi aliyatoa katika kitabu cha unajimu.

Nami nikafanya hivyo. Kidato cha tatu, wanafunzi 34, kila karatasi imekunjwa na jina juu. Niliandika mambo kama: "Watu hukuona mkimya, lakini ukimpata anayekuelewa unazungumza bila kukoma", na "Kuna jambo la nyumbani unalibeba bila kumwambia mtu". Nikauliza nani amejiona. Mikono ikanyanyuka yote isipokuwa miwili. Mmoja wa wale wawili, msichana wa safu ya nyuma, aliniuliza, "Mwalimu, mbona hamna baya hata moja?" Swali lile bado nalifikiri.

Nikawaambia wabadilishane karatasi. Darasa likanyamaza kimya ambacho sijawahi kukisikia saa ya mwisho. Halafu, na hili ndilo nililotaka kuwaelezeni, mvulana mmoja alikataa kutoa yake. Aliikunja akaitia mfukoni. Akasema, "Hata kama ni ya wote, mimi ni kweli." Nilimwita baadaye ofisini. Lile jambo la nyumbani lilikuwepo, na lilikuwa zito. Miezi saba nilikuwa namfundisha na sikulijua.

MzeeWaWete

Wanangu, haya ya kupimwa tabia si mapya kwetu. Mimi nilipimwa sijafika miaka saba. Nilikuwa naumwa homa zisizokatika, marehemu baba akanipeleka kwa mwalimu wa falaki. Akahesabu herufi za jina langu na za jina la mama, akatoa burji: Asadi, nyota ya moto. Akasema mtoto huyu mkali, msimpinge akiwa na hasira.

Homa zilipona, neno likabaki. Nikigombana na ndugu zangu, bibi anasema "mwacheni, Asadi huyo". Nikakua nikiamini hasira ni yangu kama pua ilivyo yangu. Nimepoteza rafiki wawili kwa imani hiyo, na mmoja amekufa hatujasameheana. Sisemi haya kumlaumu yule mwalimu. Alitibu kwa alichokijua.

Juzi juzi mpwa wangu anayesoma Tunguu alinifanyisha kile cha tabia tano, ambacho hakikupi aina, kinakupa kiwango kwa kila tabia: kupenda mambo mapya, kuwa makini na kazi, kuchangamkia watu, upole kwa wengine, na wepesi wa kutaharuki. Nikatoka mtulivu kuliko nilivyodhani. Nilifurahi siku nzima. Nikakirudia msimu wa karafuu, wachumaji wananidai, karafuu ziko majamvini na wingu limefunga upande wa Konde. Utulivu ukashuka sana.

Nikamuuliza mpwa wangu ipi kweli. Akasema zote mbili, ami, ulijibu kwa siku uliyokuwa nayo. Akaniambia na wale wa herufi nne, wengi wakirudia baada ya wiki chache hubadilika walau herufi moja, hasa waliokuwa karibu na katikati. Nimekaa na jibu hilo muda. Miaka hamsini na zaidi nimeishi na kipimo cha siku moja ya homa.

MkeWaMakunduchi

Yangu fupi. Tulifanya mimi na mume wangu. Herufi zenyewe nimeshazisahau. Ila kwake iliandikwa anahitaji kujua mambo mapema, na nilipomsomea alisema taratibu, "Ndiyo, wageni wa ghafla wananichosha, sikujua niseme vipi." Miaka tisa nilidhani hawapendi ndugu zangu. Sasa namwambia siku mbili kabla, na mdogo wangu akija mume wangu mwenyewe ndiye anayekwenda sokoni.

BintiChake

Ahsanteni sana, na mzee wangu wa Wete, Allah amrehemu rafiki yako.

Nimeona nirudi kwa sababu Ijumaa nilipanda boti nikaenda nyumbani. Jioni tumekaa ukumbini, mama anachambua mchele, nikamsomea yale maelezo yangu ya ISFJ, naligeuza kila neno Kiswahili. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. "Anakumbuka siku za watu." Ndiyo. "Anapenda kusaidia kimyakimya." Ndiyo. Nikafika pale palipoandikwa kwamba mtu huyu huficha machungu yake asiwasumbue wengine.

Mwalimu, najua. Sentensi hiyo ungeiandika kwenye karatasi zako 34 na mikono yote ingenyanyuka. Mama aliweka ungo chini.

"Hilo lini?"

Nikasema ni maneno tu ya kwenye simu. Akauliza tena, "Nakuuliza lini." Nikamweleza habari ya mapokezi, na kufulia, na kwamba kila akinipigia simu nilikuwa namwambia kazi nzuri, wageni wengi, alhamdulillah. Miezi miwili nilimwambia hivyo. Hakusema kitu mpaka adhana ya magharibi ilipoadhiniwa. Tuliposimama kwenda kutia udhu akanishika mkono, akaniuliza huko kufulia tunapewa glavu au mikono inaingia kwenye dawa hivi hivi.