Nataka kuanza kutafuta vyuma kwa mashine ufuoni, nianzie wapi?

Kijana_Mishomoroni
Wadau salaam. Mnisamehe kama swali ni la kishamba. Jumapili nlikuwa ufuo wa Pirates na watoto nkaona mzee mmoja wa kizungu anatembea polepole ukingoni mwa maji na ile mashine ya kutafuta vyuma, hedifoni maskioni, kila hatua mbili tatu ainama achota mchanga auchekecha. Nkamuuliza wapata nini babu, akafungua kijifuko kiunoni akanionyesha ishirini ishirini kama tano hivi, hereni moja na ufunguo wa pikipiki. Wallahi tangu siku hiyo sina raha. Sasa nina elfu kumi na tano na kuna moja ya Kichina naiona mtandaoni kwa bei hiyo hiyo, naweza kuanza nayo? Na Mji wa Kale wa Mombasa je, si kuna vitu vya Wareno kule, maana marehemu babu alikuwa akisema ukichimba shimo la choo hukosi rupia. Mke wangu ashaanza kunicheka, asema nikitaka kutafuta vyuma nianze na vijiko vyake vinavyopotea.

Shomari_Likoni
Karibu kwenye ugonjwa yakhe. Mimi mwaka wa tatu huu na nilianza na ya rahisi kama hiyo, kwa hivyo nakwambia kitu nlichokiona kwa macho yangu. Shambani na mchanga mkavu inafanya kazi, ila ukishuka tu kwenye mchanga uliolowa, inalia yenyewe. Unainua inanyamaza, unashusha inalia, unachimba mpaka jasho lakutoka hupati hata msumari. Si mbovu, ni chumvi. Maji ya bahari yapitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja (yaani frikwensi moja) yaona bahari nzima kama chuma. Ndio wanaopenda ufuo hutafuta zile za masafa mengi kwa pamoja, mfano Minelab Vanquish au Equinox. Sasa sikiza vizuri, Vanquish ile sahani yake ya chini ndio yaingia majini, kile kisanduku cha juu hapana, Equinox ndio yazama yote. Kwa elfu kumi na tano huzipati, ila za mtumba zapatikana, na subira haijaua mtu.

Ukishaipata usikimbilie bichi. Fukia vitu uani kwako, shilingi kumi, pete ya fedha, kizibo cha soda, kipande cha ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakti ya sigara, kila kimoja kina chake cha shibiri moja, halafu pitisha sahani mchana kutwa mpaka maskio yazoee. Shilingi hutoa sauti moja safi, ukipita huku na ukipita kule ni ile ile. Kizibo kilichoshika kutu kinakwaruza, mara juu mara chini. Na tatizo kubwa ni dhahabu, pete ya dhahabu na kile kipete cha kufungulia mkebe wa soda mashine yaviona sawasawa. Ukiiambia isilie kwa takataka ushaiambia isilie kwa pete. Mimi nachimba vyote, siku nyengine narudi na vizibo arubaini na peni moja.

Ndururu yangu ya kwanza, ile senti tano ya zamani, nliipata ufuo wa Shelly, ya 1942, ina tundu katikati na pembe za ndovu ubavuni, nyeusi kama mkaa. Nliishika nkakaa chini kabisa kwenye mchanga. Mwezi mzima vizibo halafu ile.

Chepe la kuchekechea nlichongewa na fundi wa kuchomelea, usinunue la dukani, ni lile lile bati lenye matundu.

Ukuta_wa_Ngome
Nyinyi mwashangilia tu, hilo la Mji wa Kale hakuna aliyelijibu. Ndugu yangu Mishomoroni usithubutu. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 yasema kitu chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na kwenda kukitafuta makusudi kwahitaji leseni. Ukikutana nacho kwa bahati una siku saba kuwaambia makavazi, hiyo sehemu na vile ulivyokiona. Kwa hivyo ndururu ya Shomari ya 1942 haina neno, lakini zile pesa za kampuni ya Waingereza zenye jina la Mombasa za 1888 ziko upande wa pili wa mstari. Fort Jesus, Jumba la Mtwana, magofu ya Mtwapa, hata kupita na mashine kwapani usipite. Na ukichimbua kitu kikatoka pale kilipolala, wale wanaosoma historia wamepoteza nusu ya habari, kwa sababu ile tabaka ya udongo ndio inayosema ni cha mwaka gani.

Na ufuoni pia usichimbe pale juu kwenye mchanga mkavu karibu na majani, ndipo kasa wanapotaga.

Mzee_wa_kahawa
Hahaha nyinyi hamjaambiwa ya majirani. Mimi mtoto wangu alipita uwanjani na hiyo kitu, jioni watu watatu wako mlangoni, mmoja asema kuna mali ya Mjerumani shambani kwa bibi yake, wa pili ataka nitafute zebaki nyekundu kwenye cherehani. Wa tatu alikuwa auza mashine yake mwenyewe, vijiti viwili na antena, ati yanusa dhahabu kilomita moja. Laki mbili! Nlimwambia aninusie kwanza laki mbili ziko wapi.

Kijana_Mishomoroni
Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Shukran Shomari, basi naacha ile ya Kichina nasubiri mtumba. Mji wa Kale pia nimeacha, sikujua kabisa.

Bi_Kidawa
Samahanini mie naingilia. Pete yangu ya harusi ilinitoka Bamburi wiki mbili sasa, maji yalikuwa kiunoni, nlikuwa nimejipaka mafuta. Mume wangu bado hajajua. Kuna matumaini?

Shomari_Likoni
Dadangu pole. Dhahabu haishiki kutu, ila nzito, yazama kidogo kidogo, kwa hivyo usikawie. Wakumbuka ulisimama mbele ya kitu gani? Jengo, mnazi, mashua?

Bi_Kidawa
Mbele ya vibanda vya madafu, sawa na ule mti wa mkungu uliolala. Nakumbuka kwa sababu nlitundika buibui pale.

Shomari_Likoni
Hapo pazuri. Mwezi waandama Ijumaa, kwa hivyo Jumamosi ni bamvua, na bamvua hapa kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, pale ulipokuwa kiunoni patakuwa pakavu. Ntachora mistari kwa kijiti kutoka kwenye mkungu mpaka majini nipite mmoja mmoja. Siahidi kitu. Mishomoroni, njoo ushike chepe, utajifunza zaidi kuliko kusoma hapa.

Kijana_Mishomoroni
Saa tatu niko hapo.

Bi_Kidawa
Ntakuja na mahamri na chai. Mkimuona mume wangu mwambieni mwatafuta funguo.