Bilauri za Duralex za marehemu bibi: namba ya chini ni mwaka?

Tunu77
Habari zenu wadau. Marehemu bibi ameniachia bilauri sita za pembepembe na bakuli la rangi ya asali. Chini ya kila bilauri pameandikwa Duralex, ile chapa ya glasi ya Ufaransa, na namba: moja ina 31, nyingine 12, nyingine 7. Binamu yangu kang'ang'ania kuwa hiyo ni miaka, na ya 7 ndiyo kongwe, ndiyo ya pesa. Bakuli nalo lina utando mweupe usiotoka kwa sabuni. Mtandaoni kuna mtu kaweka seti kama hii kwa bei ya kutisha. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Kabati
Tunu, mwambie binamu apumzike. Hiyo ni namba ya kalibu iliyotoa bilauri. Watoto wa shule Ufaransa huisoma kwa mzaha kuwa ndiyo umri wao, na naona mzaha umefika hadi kwenu. Kama umbo ni lile la pembepembe liitwalo Picardie, lilianza 1954 na lilizidi kutengenezwa miongo mingi baadaye, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi ukongwe.

Mimi huamini kitako. Kigeuze, mulika kwa ubavu. Kilichotumika miaka mingi hujaa mikwaruzo myembamba iendayo kila upande, pale tu panapogusa meza. Ukiona mistari yote imelala upande mmoja, shuku msasa: mtu kakikwaruza kionekane kikongwe. Halafu pitisha ukucha taratibu ukingoni. Palipomeguka utapahisi kabla ya kupaona.

Bakuli lijaze siki nyeupe, lilale nayo. Utando ukitoka, ilikuwa chokaa ya maji. Usipotoka, glasi yenyewe imelika na bei inashuka.

Farashuu
Vipi tochi ya urujuanimno (UV)? Nasikia chombo kikiwaka kijani ni mali.

Mzee_wa_Kabati
Kijani kikali ni urani, madini yaliyochanganywa kwenye glasi, na wapo wanaoitafuta. Ila manganizi nayo huwaka kijani hafifu, jambo ambalo wauzaji hulisahau kwa makusudi. Na bei ya kutisha, Tunu, ni ndoto ya muuzaji. Tazama bei za zilizokwisha kuuzwa.

Tunu77
Shikamoo mzee, utando umetoka wote! Lakini ukucha umenasa kwenye ukingo wa ile ya 12. Niuze zote sita?

Mzee_wa_Kabati
Marahaba. Uza tano. Hiyo usiinywee wala usimpe mtu: glasi hii huimarishwa kwa moto na kupozwa ghafla, ikishameguka inaweza kupasuka vipande vidogovidogo hata ikiwa kabatini.