Muuza karanga wa soko la Kilombero, Arusha, katafuna ukungu mbele yangu eti "nimekufa?"

Mama Nai: Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa karanga pale sokoni, mwenye sauti inayofika Namanga bila spika.

Nimenunua karanga za unga wa lishe wa mtoto. Nachambua nyumbani, zimesinyaa, ukipasua katikati kuna vumbi la kijani linaganda kidoleni. Nikarudisha kwa adabu zote: "Kaka, hizi zina kuvu, nibadilishie." Jamaa kachukua ileile ya kijani, katupia mdomoni, katafuna, halafu kaachama mbele ya soko zima: "Haya mama, nimekufa?" Watu wakaangua kicheko. KAACHAMA! Nimeona mpaka kilimi, na karanga yangu imo!

Sumukuvu, sumu inayotoka kwenye hiyo kuvu, inaleta saratani ya ini, wewe! Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani, kundi moja na sigara. Uji uchemke mpaka sufuria itoboke, haiondoki. Ikizidi inaua ndani ya siku au wiki chache: 2016 Dodoma na Manyara watu walizikwa. Halafu mtu anakuachamia!

Mpiga Debe: Kwani ulienda sokoni au maabara? Bibi yangu kala karanga hizohizo, ana miaka 90.

Mama Nai: Bibi yako alikaa na ungo akatupa mbovu! Huyu anachanganya mbovu na nzima, ukilalamika ANAACHAMA.

Chalii wa Ngarenaro: Pole dada. Mimi aliniuzia na mawe, jino likaondoka. Alipoachama hukuliona humo?

Mangi wa Majengo: Arusha mmezidi, njooni Moshi mnunue karanga. Huku shida yetu chipsi. Mafuta wiki nzima hayamwagwi, meusi kama oili chafu, viazi vinaungua mpaka kahawia. Hapo kwenye kuungua ndipo inapojaa akrilamaidi, kemikali inayodhaniwa kuleta saratani.

Mama Nai: Mangi, uzi ni wa karanga.

Shangazi Sakina: Chipsi afadhali. Krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku siku nyingi, na bado binti anakutolea chini ya meza bila hata kushusha sauti. Nani anawashika?

Chalii wa Ngarenaro: Na maji ya Ngarenanyuki je? Floraidi imetuharibia meno ukoo mzima, tukicheka tunaziba mdomo.

Mangi wa Majengo: Floraidi ni meno na mifupa, chalii. Hapa tunaongelea saratani.

Chalii wa Ngarenaro: Kwa hiyo meno yangu si mwili?

Mama Nai: Jamani, YULE MTU KAACHAMA.

Mpiga Debe: Mangi, hao wa mafuta meusi si wale wa karibu na stendi? Chipsi mayai wanaweka mayai mangapi siku hizi?

Mangi wa Majengo: Moja. Na wanakudai hela ya mawili.

Shangazi Sakina: Wezi hao! Na kachumbari sasa hivi wanauza pembeni!