Kongresi ya Marekani hukwama wapi hasa uchumi unapoporomoka?

Mdadisi_Bajeti

Wakuu, naomba kueleweshwa na wanaozijua kanuni za Kongresi. Mwishoni mwa Julai 2020 zile dola 600 za kila wiki kwa waliopoteza kazi zilikoma, na sheria iliyofuata haikusainiwa hadi Desemba 27. Miezi mitano, katikati ya janga la Korona, watu wanadaiwa kodi ya pango, na vyama viwili vinarushiana lawama. Mwaka 2011 nako walivutana hadi Agosti 2, siku ileile ambayo Wizara ya Fedha ilikuwa imetaja kuwa ndiyo mwisho wa uwezo wake wa kukopa, ndipo ukomo wa deni ukapandishwa.

Inauma, maana anayeumia si yule anayepiga kura ukumbini. Na kila upande una muswada wa kuonyesha: "sisi tulileta, wenzetu wakazuia." Muswada hukwama katika hatua ipi hasa, na nikisoma rekodi ya kura nitamjuaje aliyezuia? Kuna njia yoyote ndani ya kanuni zilizopo ya kuukwamua bila kungoja uchaguzi?

KanuniKwanza

Mkuu, mfano wako wa 2020 ni mzuri kwa sababu miswada miwili ilikufa, kila mmoja kwa ugonjwa wake.

Baraza la Wawakilishi, ambako Wademokrati walikuwa wengi, lilipitisha muswada wa takriban dola trilioni 3 tarehe 15 Mei. Seneti ilikuwa mikononi mwa Warepublican na haikuupeleka ukumbini. Hapo huwezi kukuta rekodi ya kura ya Seneti, na ndipo wengi wanapopotea. Kuzuia kwenye nguvu kuliko kote hakuachi alama: kiongozi wa walio wengi anaacha tu kuuita muswada. Kisha Septemba 10 Warepublican wakaleta muswada wao mdogo zaidi. Ukapata kura 52 dhidi ya 47, ukaanguka. Kura ile haikuwa ya kuupitisha, ilikuwa ya kufunga mjadala, na hiyo inataka 60.

Hiyo ndiyo filibasta ya siku hizi, yaani kuzuia muswada kwa kukataa mjadala ufungwe, na mara nyingi hakuna anayesimama kuhutubia usiku kucha. Maseneta 16 wanasaini hoja ya kufunga mjadala, inapita siku moja katikati, kura inapigwa, na hata 60 zikipatikana bado mjadala unaweza kuvutwa hadi saa 30 nyingine. Hoja ya kuanza kuujadili muswada inaweza kuwekewa kizuizi hichohicho, hivyo mzunguko unarudiwa. Ndiyo maana muswada wenye kura za kutosha unaweza kula wiki nzima na zaidi kama seneta mmoja tu atakataa kutoa ridhaa ya kuharakisha. Na zingatia hili: 60 inahesabiwa kwa maseneta wote walioapishwa, si waliohudhuria. Asiyefika ukumbini ana uzito sawa na aliyepinga.

Kwa hiyo ukifungua rekodi, soma kwanza kura ilihusu nini, matokeo baadaye. Kama ni ya kufunga mjadala, waliopiga "hapana" ndio waliozuia, hata kama wao ni wachache. Kama hakuna kura kabisa, muulize aliyeshika ratiba.

Njia ya kuikwepa 60 ipo: upatanisho wa bajeti, uliowekwa na sheria ya bajeti ya 1974. Mabaraza yote mawili yanapitisha kwanza azimio la bajeti lenye maagizo kwa kamati, kamati zinaandika vifungu, kisha Seneti inajadili kwa saa zisizozidi 20 na wingi wa kawaida wa kura zilizopigwa unatosha. Mpango wa misaada ya janga wa dola trilioni 1.9 wa Machi 2021 ulipita hivyo, 50 kwa 49. Lakini kinachoingia humo ni mapato, matumizi na ukomo wa deni tu. Kifungu ambacho athari yake kwa bajeti ni ya pembeni kinaweza kung'olewa. Kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa kilizuiwa hivyo Februari 2021, baada ya mshauri wa kanuni wa Seneti kusema hakifai. Vilevile kifungu hakitakiwi kuongeza nakisi nje ya kipindi cha bajeti, kwa kawaida miaka 10, na ndiyo sababu kubwa ya kuona misaada na nafuu nyingi za kodi zimewekewa tarehe ya kufa.

Ukumbi_wa_Chini

Upande wa Baraza la Wawakilishi hakuna filibasta. Huko mlango unashikwa na Spika pamoja na Kamati ya Kanuni. Kwa miaka mingi maspika wa Republican wamekuwa na desturi ya kutoleta muswada ambao wengi wa chama chao hawautaki, hata kama ungepata kura 218, yaani zaidi ya nusu ya baraza, kwa kuchanganya vyama.

Dawa yake ni ombi la kuutoa muswada kamatini. Muswada ukae kamatini siku 30 za kikao, wabunge 218 wasaini, ombi lingoje siku 7 nyingine za kikao, ndipo hoja iitwe. Kinachoharibu ni neno "kikao": zinahesabiwa siku ambazo baraza linakaa tu, hivyo siku 30 hizo zinaweza kuwa miezi miwili au mitatu ya kalenda. Kwa mgogoro wa ghafla umeshachelewa, isipokuwa kama mtu aliweka muswada mapema wa kutumia kama chombo cha kupakia vifungu vya baadaye. Pia majina ya waliosaini yako wazi, na mbunge wa chama kinachotawala baraza anajua uongozi wake unayasoma.

Ilifanya kazi 2015. Mamlaka ya Benki ya Mauzo ya Nje, benki ya serikali inayosaidia wauzaji wa Marekani nje, yalikwisha katikati ya mwaka, ombi likapata saini zake, na Oktoba baraza likapiga 313 kwa 118 kuirudisha. Hesabu hiyo inaonyesha wingi ulikuwepo siku zote.

Hesabu_Wazi

Nakubaliana na maelezo, ila napinga kuiweka kila kitu kwenye vyama. Septemba 29, 2008 baraza liliuangusha mpango wa dola bilioni 700 wa kuokoa mfumo wa fedha, 228 kwa 205. Rais alikuwa Republican, na Warepublican 133 wakapinga. Wademokrati nao 95 wakapinga. Dow Jones, kipimo cha bei za hisa, ikaanguka pointi 777 siku hiyohiyo. Uchaguzi ulikuwa wiki tano mbele, na wapigakura walikuwa wamewaka hasira kwa fedha zao kwenda kwa mabenki.

Angalia ulivyokwamuliwa. Katiba inataka miswada ya mapato ianzie Baraza la Wawakilishi, hivyo Seneti ikachukua muswada uliokwisha kutoka huko, ikaupakia mpango mzima, ikaongeza nafuu za kodi na kupandisha bima ya amana kutoka dola 100,000 hadi 250,000. Seneti 74 kwa 25, kisha Oktoba 3 baraza 263 kwa 171. Siku nne. Kilichobadilisha kura ni vifungu vilivyoongezwa pamoja na hofu ya soko.

Mdadisi_Bajeti

Asanteni sana wakuu. Na ukomo wa deni? Pia nataka kujua: hakuna namna ya msaada kwenda wenyewe bila kusubiri kura?

KanuniKwanza

Ukomo wa deni hauruhusu matumizi mapya. Unaruhusu kukopa ili kulipa yale ambayo Kongresi ilishapitisha. Mwaka 2011 dola trilioni 14.294 zilifikiwa Mei 16. Wizara ikanunua muda hadi Agosti kwa kusitisha uwekezaji katika mifuko ya pensheni ya watumishi wa serikali, ambayo kisheria hurudishiwa fedha zake baadaye. Sheria ikasainiwa siku ya mwisho, na bado Agosti 5 Standard & Poor's, kampuni inayopima uwezo wa kulipa madeni, ikaishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la AAA hadi AA+. Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ilikadiria mvutano ule uliongeza gharama za kukopa kwa takriban dola bilioni 1.3 mwaka huo wa fedha. Hizo ni fedha za umma zilizoliwa na kuchelewa tu.

Ndani ya sheria ileile palikuwa na mbinu inayofaa kunakiliwa: Rais anatangaza haja ya kupandisha ukomo, na Kongresi ikitaka kuzuia inapitisha azimio la kupinga. Rais akilikataa kwa turufu, inabidi theluthi mbili za kila baraza kulishinda. Yaani mzigo wa kutafuta kura unamhamia anayetaka kukwamisha.

Kuhusu msaada kwenda wenyewe, upo kiasi. Sheria ya 1970 inaongeza hadi wiki 13 za malipo kwa wasio na kazi pale kiwango cha wanaolipwa bima ya ajira katika jimbo kinapofika asilimia 5, nacho kiwe angalau asilimia 120 ya wastani wa kipindi kama hicho miaka miwili iliyotangulia. Kasoro iko kwenye hiyo 120: mgogoro ukirefuka, kiwango kinabaki juu bila kupanda, kulinganisha kunashindwa, na jimbo linatolewa wakati watu bado hawana kazi. Desemba 2010 Kongresi ililazimika kuruhusu majimbo kulinganisha na miaka mitatu.

Ukumbi_wa_Chini

Nyongeza kwa hilo la dola 600. Kiasi kiliwekwa sawa kwa wote kwa sababu mifumo ya kompyuta ya majimbo mengi ni mikongwe na isingeweza kukokotoa asilimia ya mshahara wa kila mtu kwa haraka. Kwa mifumo hiyohiyo, malipo yakikatika hayarudi siku sheria inaposainiwa. Jimbo linahitaji mwongozo wa Wizara ya Kazi, kisha kubadili programu. Ukiona muswada wa kuendeleza malipo umepangiwa kura wiki ya mwisho kabla ya kwisha, basi hata ukipita kuna watakaokaa wiki kadhaa bila kitu. Tarehe ya kuifuatilia ni mwezi mmoja kabla ya ile iliyoandikwa kwenye sheria.