Msimulizi wa "The Yellow Wallpaper": tumwamini kwa lipi?

karani_wa_fasihi
Wakuu, naandaa insha kuhusu hadithi hii ("Karatasi ya Ukutani ya Njano") ya Charlotte Perkins Gilman ya mwaka 1892. Ni shajara ya siri ya mwanamke mgonjwa ambaye mumewe, daktari John, anamweka chumbani apumzike, naye anaanza kuona mwanamke aliyenaswa ndani ya michoro ya karatasi ya ukutani. Swali linataka nieleze jinsi usimulizi wa nafsi ya kwanza unavyojenga maana. Nimeandika kwamba msimulizi anaugua akili, kwa hiyo haaminiki, na hapo nimekwama. Kama haaminiki, nitajuaje kilichotokea chumbani? Na maana ya kifeministi naitoa wapi, ilhali anamsifu mumewe kila mara?

mwalimu_wa_zamu
Mkuu, ukiishia kwenye "haaminiki" umefunga insha kabla haijaanza. Tenganisha anachokiona na sababu anazozitoa. Macho yake yanaona sawasawa kwa sehemu kubwa ya hadithi. Sababu ndizo zinazopinda.

Gawa ukurasa wa daftari mara mbili: kushoto andika kitu chenyewe, kulia maelezo yake. Madirisha yana nondo na ukutani kuna pete: yeye anakisia kilikuwa chumba cha watoto. Karatasi ya ukutani imebanduliwa kuzunguka kichwa cha kitanda, hadi pale mkono wake unapofika: anawasingizia wavulana. Kitanda kimetafunwa: watoto tena. Baadaye tunamwona yeye mwenyewe akiking'ata.

Mfano mzuri kuliko yote ni ile alama ndefu ya kusuguliwa, chini kabisa ukutani, inayozunguka chumba na kupita nyuma ya kila samani isipokuwa kitanda. Anajiuliza nani aliifanya na kwa nini. Lakini kabla ya hapo Jennie, dada wa John, ameshalalamika kwamba nguo zina madoa ya njano. Mwishoni bega la msimulizi linaenea barabara kwenye alama hiyo. Msomaji makini ameshajua kabla yeye hajasema, na maana inazaliwa kwenye pengo hilo.

binti_wa_shajara
Naongezea kuhusu sifa za mume. Zisome mpaka mwisho wa sentensi, dada au kaka. Anasema John ni daktari, kisha anaongeza kwamba *labda* ndiyo sababu haponi haraka, na kwamba hilo hathubutu kumwambia mtu aliye hai, ila karatasi hii iliyokufa. Sifa ni za mdomoni, shaka inajificha nyuma yake.

Pia weka alama kila mahali maandishi yanapokatika kwa sababu John anakuja. Amekatazwa kuandika, kwa hiyo shajara yenyewe ni kitu cha magendo. Kabla hujagusa michoro ya ukutani una hoja tayari: nafsi ya kwanza hapa ni uasi.

Wengi huharibu kwa kumgeuza msimulizi kuwa Gilman. Ni kweli mwaka 1887 Gilman alitibiwa na Weir Mitchell kwa tiba ya mapumziko (kulala na kukatazwa kazi za akili), na daktari huyo anatajwa kwa jina ndani ya hadithi. Lakini Gilman aliiacha tiba akarudi kazini, msimulizi hakuiacha. Aya moja ya historia inatosha.

mkosoaji_huru
Hapo kwenye shajara mimi nasita kidogo. Sentensi ya mwisho inasema John alizimia na ikambidi msimulizi atambae juu yake kila alipopita. Ni wakati uliopita, na yeye yuko sakafuni anazunguka. Kalamu ameishika nani? Umbo la shajara limevunjika, na insha inayolinyamazia hilo inapoteza hoja nzito.

Liunganishe na jina "Jane", linalotokea mara moja tu, mwishoni. Wapo wanaodai ni kosa la uchapaji la Jennie. Naona ni jina la msimulizi mwenyewe, kwa sababu kabla ya hapo ameshauliza kama wanawake wengine anaowaona wakitambaa nje nao walitoka kwenye karatasi kama *yeye* alivyotoka. Anayesema "mimi" si yule tuliyeanza naye.

Na usiandike "amejikomboa" kwa haraka. Mlango kaufunga mwenyewe, ufunguo kautupa nje karibu na ngazi za mbele, na amejifunga kamba. Ukitetea ukombozi, eleza kwanza kamba hiyo inafanya nini.